BD yangu walipatia pointi ine juu ya kumi

Leo nimevunja BD yangu na nyundo. Musinicheke kwanza.

Binamu yangu iko Ulaya. Alipeleka ile BD, kitabu ya katuni, kwa watu wenye kuchunguza kama iko safi: wanapatia pointi, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu. Siye wenye kukusanya BD hapa Bunia tunasemaka, bila pointi ni karatasi tu.

Leo imerudi. Ine juu ya kumi! Kama mutoto mwenye kuanguka mutihani shuleni.

Sababu? Ndani ya ganda ya kitabu kuko maandiko ya kalamu ya biki.

Ile biki ninaijua. Siku tulikimbia vita kule Nizi, nilikuwa mudogo. Yaya Dieudonné, ndugu yangu mukubwa, aliandika mule ndani ya BD, akanipa nishike.

Miye nilifika Bigo, hapa Bunia. Yeye hakufika.

Mama akasema: "Fungua, nione maandiko ya mutoto yangu."

Nikajibu (nasikia haya): "Mama, tukifungua, pointi zinakufa."

Akapapasa ile plastiki.

Nikatafuta nyundo, nikavunja plastiki. Yaya aliandika hivi:

"Huyu ni mudogo wangu. Akipotea, mumulete kwa shangazi Furaha, Bigo."

Mama akasoma mara tatu, na kidole.

Juu ya ile maneno walinikata pointi. Juu ya ile maneno niko muzima.

Sasa niambieni, pointi ni za nini?