Wakamwombea Mwanamke Niliyemtunga

Niliacha utawa nikiwa nimebakiza miezi mitano tu kuweka nadhiri. Mama mkubwa wa shirika aliniita ofisini kwake, akaniketisha, akaniuliza kama kuna mwanamume. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Ndipo nikamweleza, kwa sauti ndogo ambayo hata mwenyewe niliionea haya, kwamba nahisi Mungu ananiita niandike hadithi.

"Hadithi za watakatifu?"

"Hapana, Mama. Za kutunga. Za watu wa kawaida."

Alifungua mtoto wa meza akatoa daftari langu la tafakuri. Wanovisi wote, sisi tuliokuwa bado mafunzoni, tulipewa madaftari yale tuandike kila asubuhi neno la Injili lililotugusa. La kwangu lilikuwa na kurasa nne za tafakuri, na kurasa zote zilizobaki zilikuwa habari za mjane mmoja muuza chumvi ambaye hakuwahi kuishi popote. Kumbe alikuwa ameshalisoma.

"Sijui kama huu ni wito," alisema. "Ninachojua ni kwamba ukibaki hapa utatudanganya sisi, na utajidanganya mwenyewe. Nenda ukajaribu."

Nikapanda basi la kwenda Dar es Salaam na sanduku la bati, nikashukia kwa shangazi yangu Temeke. Shangazi alikuwa ameolewa na mtu wa kwetu kusini, Mwislamu, mpakuaji wa mizigo bandarini, naye akafuata dini ya mumewe. Nilipomwambia nimeacha usista ili niandike hadithi, aliendelea kuchambua mchele.

"Nyie Wakristo," akasema baadaye. "Hata hadithi mnataka ruhusa ya Mungu? Mie bibi yako alinisimulia mia nzima na hakuomba ruhusa kwa mtu."

Nilipata kazi ya kupiga taipu katika shirika moja la umma kule Chang'ombe. Asubuhi nilikuwa napiga ripoti za magunia na barua zinazoanza na Ndugu na kuishia na Udumishe Chama. Saa ya chakula, wenzangu wakienda kununua mihogo, nilibaki na karatasi zilizoharibika, nikageuza upande mweupe na kuandika.

Naandika hapa kana kwamba nilikuwa na furaha. Sikuwa nayo. Sentensi mbili zikinitoka vizuri, nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikazifuta. Nyumbani nilihamisha kimeza changu kutoka chumbani hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi uani, hadi shangazi akauliza kama meza ile ina kwato. Kanisani niliwatazama masista waliokuja kusali na vilemba vyao vyeupe nikawaonea wivu. Wao walijua waamke saa ngapi na wafanye nini. Hata mume wa shangazi nilimwonea wivu. Adhana ikilia aliacha kila kitu, akatawadha, akaswali, akarudi ametulia. Yeye alijua saa ya kumwitikia Mungu. Mie nilijiona naitwa kutwa kucha na sijui niende wapi.

Baba sikumwona wakati huo wote. Alikuwa katekista kijijini kwetu, na mbele ya kanisa zima alikuwa ametangaza kwamba bintiye anakuwa bibi arusi wa Kristo. Nilimwandikia barua kumweleza. Masika ikaja na kupita, hakujibu.

Katika miezi hiyo zikanifikia habari za nyumbani kupitia kwa msafiri. Watu wetu walikuwa wamehamishwa katika operesheni ya vijiji. Waliambiwa watoke kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakakae pamoja kando ya barabara, pawe na shule na zahanati. Shule ilikuwa imeshaanza kujengwa, na wengine waliifurahia. Ila walikatazwa kurudi kwenye makazi ya zamani, maana viongozi waliogopa kwamba anayerudi kuangalia mikorosho hatarudi tena kijijini. Na makaburi yetu yote yalibaki kule, pamoja na la mdogo wangu aliyefariki akiwa na miaka mitatu.

Nikaandika hadithi. Ilikuwa ya mwanamke aliyehamishwa, aliyekuwa anakwenda kwa katekista wa kijiji kipya kumwomba amsindikize tu akapalilie kaburi la mtoto wake. Katekista katika hadithi anamjibu: "Mungu hana mipaka ya vijiji, mama. Mwombee hapa hapa, atasikia." Mwanamke anashukuru, anarudi nyumbani, na siku moja anakwenda peke yake na harudi.

Niliimaliza siku ya Ijumaa. Jumamosi mchana, narudi kutoka foleni ya sukari, nikamkuta baba amekaa kibarazani kwa shangazi, kofia magotini, viatu vina vumbi la njia nzima kutoka kusini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nimekuja kukuchukua."

Alisema hivyo hivyo, bila hasira. Shirika la masista lingenipokea tena, alishazungumza nao. Tungeondoka Jumanne. Shangazi akaleta chai ya rangi, akakaa mlangoni kusikiliza.

"Baba, nimeitwa kwenye kazi nyingine."

"Kazi gani hiyo ya kuitwa? Kutunga mambo yasiyokuwepo? Mimi nafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo. Niwaambie mwanangu ameitwa aivunje?"

Kwa miezi yote ile nilikuwa najiuliza swali hilo hilo. Nikaingia ndani, nikatoka na karatasi zangu, nikamwuliza kama anaweza kusikiliza kabla ya kuamua. Akakubali kwa kichwa.

Nilimsomea mwanzo hadi mwisho. Niliruka mstari mmoja, nikarudi. Nilipofika kwenye maneno ya katekista, baba alinyanyua mkono nikome.

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua, baba. Si wewe. Ni mtu tu."

Akageuka kutazama njia. Jirani yetu alikuwa anapiga nguo kwenye jiwe, na nilisikia kila pigo.

"Lakini ningesema," baba akasema. "Angenijia mtu, ningemwambia hivyo hivyo. Na mama yako alinijia. Mimi nikajifanya sikusikia."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimemtunga mwanamke na nikamtunga katekista, sikujua kama nimeingia nyumbani kwetu. Nikataka kuomba radhi, nikashindwa hata kujua naomba kwa kosa gani. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya khanga.

Jumanne baba aliondoka peke yake. Hakunibariki wala hakunilaani. Aliomba tu ile hadithi, akaikunja ndani ya kitabu chake cha sala.

Wiki zilizofuata ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Ofisini nilikosea barua ya meneja mara tatu. Jioni niliposhuka kutoka kazini nilipitiliza nyumba, nikaenda hadi Tandika na kurudi, bila sababu, miguu inataka tu kutembea. Nilijisomea Injili nikaishia kusahihisha lugha yake kichwani. Nikajiambia huu si wito, ni ugonjwa.

Kisha ikaja barua ya baba, kurasa tatu kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Aliandika kwamba Jumapili moja padre hakufika, na yeye baada ya masomo akawasomea watu hadithi yangu badala ya mahubiri. Alipomaliza, watu waliuliza mwanamke huyo ni wa kijiji gani. Akawaambia hayupo, binti yake amemtunga. Bibi mmoja akasimama akasema: "Asiyekuwepo halii namna hiyo. Tumwombee." Baba akajaribu kuwaeleza tena. Hawakumsikiliza. Wakapiga magoti wakamwombea, rozari nzima, ili arudi salama.

Wiki ile ile, aliandika, walimjia wanawake wanne, mmoja wao mama yangu. Baba alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa akanyimwa. Asubuhi ya Alhamisi akawapeleka hata hivyo. Walitembea, wakapalilia makaburi, wakasali, wakarudi kabla ya jua kuzama, wote. Kesho yake mwenyekiti alimkalisha kwenye benchi la ofisi kutwa nzima bila kumwuliza neno, na jioni akamwambia aende kwake. Akaondolewa kwenye kamati ya shule, ambayo aliipenda sana. Barua ilimalizia: "Mama yako anakusalimu. Kaburi lilikuwa limeota nyasi hadi kiunoni."

Niliisoma nimesimama uani. Nilifurahi, halafu nikaogopa, halafu nikaona aibu. Mie nimekaa Temeke salama na taipureta ya serikali, na kalamu yangu imemweka baba benchini. Na wale watu wamepiga magoti kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Rozari nzima.

Nikaenda kwa padre wa parokia. Alikuwa mzee wa nyanda za juu, nikamkuta anaziba pancha ya baiskeli yake. Nikamweleza yote, nikamwuliza kama nimewakosesha watu wa Mungu, kuwafanya waombee hewa.

Hakuacha kupaka gundi. "Wewe ulipokuwa unamwandika, ulimwombea?"

Nikafikiri. Ningeweza kumdanganya kwa urahisi, nina kipaji hicho.

"Hapana, Padre. Nilikuwa natafuta neno zuri."

"Basi wao wamekutangulia," akasema, akanipa pampu nimshikie.

Nilitoka pale sijaridhika. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Lakini kuanzia siku ile nilijiwekea desturi, kabla ya kuandika habari za mtu yeyote, nimwombee kwanza kwa jina nililompa. Siku za mwanzo nilijiona punguani. Kuna niliowaombea nikagundua siwajui kabisa, nikachana karatasi. Kuna mmoja, mlevi niliyemtunga ili achekwe, ambaye baada ya kumwombea sikuweza tena kumcheka. Kazi ikawa ya polepole zaidi, na utulivu niliokuwa naungoja haukuja. Gazeti dogo la kanisa lilichapa hadithi ya tatu, likakataa ya nne na ya tano.

Mwaka uliofuata baba alikuja kutibiwa macho. Mchana mmoja alikaa na mimi uani nikiandika, akanisikiliza nikijisomea kwa sauti ya chini. Hadithi ilikuwa ya seremala mmoja wa Keko aliyekuwa mgonjwa.

"Huyu naye atakufa?" akauliza.

"Sijajua bado, baba."

"Hujajua, na wewe ndiye unayeandika?"

"Sijajua kweli."

Akavua miwani yake mipya, akaifuta kwa shati. "Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Akafumba macho, midomo ikaanza kusogea, nami nikaweka kalamu chini nikimngoja amalize.