Ngoja Ninawe

Juzi nilimwona fundi wa betri akinawa mikono mpaka viwikoni kabla ya kumbeba mwanawe, nikamkumbuka baba.

Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Baba alifanya kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha. Aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina kwenye kalibu yakawa vichwa vizito vya risasi za bastola fupi.

Alasiri moja nilimkimbilia mlangoni. Alinukia moshi na nta ya kupaka risasi. Akarudi nyuma, mikono juu.

“Usinishike, mama. Ngoja ninawe.”

Maji yalimwagika bafuni muda mrefu. Nikaamini ameshajua kwamba asubuhi ile nilivunja kikombe chake, ndiyo maana hataki nimshike. Kwamba vumbi la madini yale ni sumu kwa mtoto, nimejifunza ukubwani.

Alitoka akinukia sabuni, amenifungulia mikono. Mimi ndiye niliyerudi nyuma.