Kitufe cha Nyongeza

Nilipoajiriwa na mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka pale mjini Kabati, Ukambani, kazi yangu ilikuwa kutunza mfumo wa kompyuta na kumwekea ripoti mezani kila wiki. Alikuwa ameanza na gunia moja la ndengu sokoni. Sasa alikuwa na ghala Kabati na duka la rejareja Mutomo, na alikuwa amechoka kuamua mambo kwa kubahatisha. Alitaka kujua ni nini kinanunuliwa wapi, ni nini kinalala, gari lipeleke mzigo wapi kwanza. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuuliza maswali mpaka watu wanakereka, na hapa nilikuwa nimepata mtu wa kunilipa niulize.

Mfumo ulimfaa haraka. Ulituonyesha mbaazi zimelala Mutomo huku Kabati zikiulizwa kila siku, tukazihamisha zikaisha. Bosi akaanza kuiamini ile skrini kuliko alivyoniamini mimi. Lakini chini kabisa ya ripoti palikuwa na mstari ulionikaa kichwani. Mfumo hulinganisha nafaka iliyopaswa kubaki dukani na ile iliyobaki kweli, halafu tofauti inaandikwa kwa neno moja: upotevu. Kabati, ambako tuliuza kwa gunia na kwa mizani, mstari ule ulikuwa karibu mtupu. Ule wa Mutomo haukuwahi kukosa kitu.

Duka la Mutomo liliendeshwa na mama mwenye sauti kubwa, asiyekubali kushindwa kwa maneno hata na mteja wake mwenyewe. Zamani yeye na bosi waliimba kwaya moja, na hilo lilifanya jambo lote liwe chungu zaidi.

"Kompyuta haina chuki na mtu," bosi aliniambia. "Ikisema mali inapotea, inapotea. Mwezi ukiisha nitamtoa."

Nilimwomba aniache niende nikaone kwanza. Aliniangalia sana.

"Enda. Lakini usiende kumtetea. Enda uangalie."

Kusema kweli sikuwa na nia ya kumtetea mtu. Nilitaka tu kujua nafaka inaenda wapi, na safari nzima nilifurahi peke yangu kama mtu anayeenda arusini.

Nilifika Mutomo siku ya soko. Yule mama wa duka alinipokea kwa chai na kwa matusi ya upendo kwa mashine yangu. Alijua kuna upotevu, nilikuwa nimemwambia kwa simu. Hakujua bosi amefikia wapi.

"Ni panya," alisema. "Na kama si panya, ni hiyo kompyuta yenu inakula. Mimi nilifanya biashara kabla ijue kusoma."

Nilikaa kwenye kiti nyuma ya kaunta nikatazama. Watu walikuwa wakitoka kuuza mbuzi, wanaingia kununua mahindi na ndengu kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Mama alijaza, akapitisha kiganja juu ya mkebe kuusawazisha, akamimina kwenye mfuko wa mteja, akabonyeza kompyuta. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha akachota kiganja kingine kutoka guniani, akakitupia mfukoni mle mle bila hata kuangalia, huku akiuliza habari za watoto.

Akaja mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu wa kutoka kaskazini, mtu mpole. Alingoja gorogoro zake zote zimiminwe, halafu akasema taratibu, "Na yangu, mama?" Mama akacheka, akachota viganja viwili.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Hiyo si ni nyongeza?"

"Na kwa kompyuta unaiweka wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Nyongeza haiuzwi. Sasa nitaiweka wapi?"

Nilitamani kujicheka. Tangu nitumwe dukani mara ya kwanza nimekuwa nikidai nyongeza, ya maharagwe, ya nyanya, ya sukuma wiki. Hakuna mtu Ukambani anayeihesabu, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuiambia kompyuta. Nikaomba beseni. Nikamwambia kila akitupa kiganja kwa mteja, atie kingine kama hicho kwenye beseni langu. Alidhani nimepagawa, lakini alifanya. Jua lilipoanza kushuka tukapima beseni kwa mizani, kisha tukapima magunia. Upotevu wa siku ile ulikuwa umejaa kwenye beseni.

Nilimpelekea bosi habari. Akasema, "Basi akome kuongeza."

"Wewe ulipokuwa na gunia moja, hukuwa ukiongeza?"

Alikasirika kidogo, nikaona. Halafu akacheka. "Ningeuzia nani?"

Nikaongeza kitufe kwenye mfumo, kikaitwa nyongeza, cha kubonyezwa kwa kila kiganja. Sikutarajia mengi. Lakini mvua za mwaka ule zilipokataa, mauzo ya Mutomo yalibaki vile vile huku nyongeza ikipanda wiki baada ya wiki. Nikampigia simu mama wa Mutomo kuuliza.

"Watu wanaona haya kusema," alijibu, na sauti yake haikuwa kubwa. "Mtu ananunua ile ile ya kawaida, na nyumbani shamba halijatoa kitu. Si namuona tu usoni? Naongeza."

Bosi alisoma mstari wa nyongeza, akaamua lori la mahindi liende Mutomo mapema, kabla maduka mengine hayajashtuka. Uamuzi mzuri, na nilijivunia.

Baadaye mama wa Mutomo alikuja Kabati na akataka kuona hiyo nyongeza yake kwenye skrini. Nilimwonyesha, akafurahi, akaniambia nirudi nyuma zaidi, mpaka miezi ya kabla ya kitufe. Huko kulikuwa na jina la duka lake, na upotevu, upotevu, upotevu.

"Hapa badilisha."

Nikamweleza kwamba mwezi ukishafungwa mfumo haukubali kuguswa.

"Kwa hivyo huko bado mimi ni mwizi."

"Haijasema mwizi, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. " Imesema upotevu."

"Na wenye walisoma, walisoma nini?"

Bosi alikuwa kwenye meza ya pili, kalamu mkononi, na nilidhani hasikii.

"Nilisoma mwizi," alisema.

Yule mama aligeuka kutoka kwenye skrini, akamtazama mwenzake wa kwaya.