Barua Kumi na Saba Zilizokaa Nyumbani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana hata nikiuficha jirani atausema. Kompyuta iliniuliza nenosiri mara mbili, nikaona inanidharau, nikakataa kuijibu.

Mara ya kwanza niliijibu kwa adabu. Mpwa wangu alikuwa amenicheka kwamba nenosiri la barua pepe nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya skrini, kama bei ya sukari dukani. Kwa aibu nikalibadilisha. Programu yangu ya barua ikauliza hilo jipya, nikaliandika, barua zikaingia. Sawa. Baadaye, nilipotaka kutuma, kikatokea kidirisha kingine, pacha wa kile cha kwanza: nenosiri? Nilikuwa peke yangu chumbani lakini nikasema kwa sauti, "Si nimeshakwambia?" Nikabonyeza kitufe cha kukataa. Kidirisha kikaondoka, na barua nayo ikaondoka mbele ya macho yangu. Nikaenda kuchemsha chai, nimeridhika kama konstebo aliyemjibu inspekta na asiwekwe ndani.

Sikujua kwamba programu ile ina milango miwili, mmoja wa kupokea barua na mmoja wa kutuma, na kila mlango una mlinzi wake asiyeongea na mwenzake. Na mimi ndiye niliyekulia katika kambi ya polisi! Pale getini askari wa zamu alikuuliza ukiingia, akakuuliza tena ukitoka, hata kama ulikwenda kununua kiberiti tu. Ningepaswa kuwa mtu wa kwanza Kampala nzima kuelewa jambo hilo.

Lakini nyumbani kwetu, ndani ya kambi hiyohiyo, kulikuwa na sheria nyingine. Baba alikuwa sajenti, mtu wa West Nile, na kwake neno lilisemwa mara moja. Ukirudia kuuliza, alisema, unamwambia mwenzako kwamba ni kiziwi au ni mwongo, chagua moja. Na jambo zito haliongewi, linaandikwa. Ukishapeleka ripoti yako, kaa chini ungoje. Dada yangu mkubwa na mimi tulimeza sheria hiyo pamoja na ugali wa posho. Baba alikufa zamani, na hakuna hata mmoja wetu aliyediriki kumbishia kaburini.

Dada yuko ng'ambo, nchi ya baridi, anatunza wazee wa watu wengine. Mimi nilibaki hapa Kampala, mtaa wa Kisugu, na Mama, katika vyumba viwili. Sikubaki kwa sababu ya wema. Nilibaki kwa sababu sipendi kutoka. Nilimaliza sekondari, nikajaribu kazi mbili tatu za mjini, nikagundua kwamba kila kazi inataka mtu afike. Basi nikanunua kompyuta ya mezani kwa mtu wa duka la uchapaji Wandegeya aliyekuwa akibadilisha mashine zake, nikaanza kuwaandikia watu barua: maombi ya kazi ya ulinzi, malalamiko kwa mwenye nyumba, risala za harusi. Yule wa Wandegeya ndiye aliyeniwekea programu ya barua pepe. "Barua zinashuka zote mara moja, mzee," alisema, "halafu unasoma bila kumaliza bando." Nikampenda siku hiyohiyo.

Mama alikuwa na masikio ya mke wa askari. Simu ikilia ukaenda kujificha jikoni, alisikia. Ukinong'ona, alisikia vizuri zaidi. Kwa hiyo habari za afya yake dada na mimi tuliandikiana kwa barua pepe, kwa sababu kwenye simu ya Jumapili Mama alikuwa mzima siku zote, mzima kuliko sisi.

Ndipo dada akaandika hivi, nami nimeisoma mara nyingi hata siwezi kuikosea: "Mama ananiambia hana neno. Wewe ndiye unayemwona. Nina likizo moja tu mwaka huu. Nije sasa au ningoje Desemba? Ukisema njoo, nakuja. Ukiona bado ana nguvu, usijisumbue kujibu, nitaelewa."

Nilijibu siku ileile. Niliandika kwamba miguu imevimba, kwamba chakula anakizungusha tu kwenye sahani, kwamba pale hospitali ya Mulago wametuambia tusimwache peke yake. Niliandika pia kwamba kila asubuhi ninapofungua pazia, Mama huita jina la dada kabla hajaona ni nani. Nikamalizia: Njoo sasa. Nikabonyeza kutuma. Hapo ndipo kile kidirisha kilipouliza, nikakikataa. Chai.

Nikangoja. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Jumapili dada alipiga simu kama kawaida, akaongea na Mama mambo ya mvua na bei ya nyama. Nilipopewa simu nilisema, "Habari za huko," naye akasema, "Nzuri," na kila mmoja akadhani mwenzake ameamua. Mimi nilidhani amesoma akaona likizo yake ni tamu kuliko sisi. Ningeweza kutoka na simu yangu ndogo ya tochi, nikatembea hatua ishirini hadi getini, nikamwuliza, "Umepata barua yangu?" Hatua ishirini. Lakini ningekuwa nimeuliza mara ya pili. Halafu kulikuwa na jua.

Mama alitutoka alfajiri moja ya wiki ya saba, kimya, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Kwetu maiti haingoji, alasiri ya siku ileile tulikuwa makaburini. Asubuhi ile nilimpigia dada kutoka uani, watu wameshaanza kutandika mikeka. Nikamwambia. Alilia, kisha akasema, "Mbona hukuniambia?"

Nilisimama pale na hasira ya wiki saba. "Nilikwambia mara moja," nikasema, "inatosha." Nikakata simu.

Arobaini ikasomwa bila yeye. Miezi minne hatukusemezana. Pazia la chumba cha Mama nililiacha limefungwa. Watu waliokuja kuandikiwa barua walidhani naogopa vumbi.

Sasa, jirani. Tunagawana ukuta. Ni Mkenya, anashona na kuuza mapazia, na sauti yake hupita ukutani bila kubisha hodi. Asubuhi moja aliniomba nimtumie oda ya vitambaa kwa mtu wake wa Nairobi, kwa sababu mtu huyo alitaka karatasi rasmi yenye vipimo. Nikaandika, nikatuma. Baada ya siku tatu aliingia kwangu na futi ya kupimia vitambaa shingoni.

"Mzee, hiyo oda yangu uliituma na konokono?"

"Ilikwenda siku ileile."

"Ilikwenda wapi? Nairobi wanasema hawajaona kitu."

"Waambie waangalie vizuri."

"Wameangalia. Sasa wewe ndiye uangalie." Akavuta kigoda, akaketi nyuma yangu. Nilijua hataondoka.

Tukaanza. Nilifungua ukurasa wa habari, ukafunguka, kwa hiyo bando lilikuwepo. Tukalinganisha anwani herufi kwa herufi na kile kikaratasi chake, ilikuwa sahihi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa modemu, nikaipuliza, nikaichomeka upande wa pili. Jirani akauliza kama kuna tambiko lingine limebaki au tuendelee. Mwishowe nikampigia yule wa Wandegeya, jirani akaniamuru niweke spika.

"Mzee, barua zinaingia?"

"Zinaingia vizuri kabisa."

"Na kutoka?"

"Zinatoka. Naziona kwa macho zikitoka."

"Zikitoka zinakwenda wapi?"

Jirani ndiye aliyejibu. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akagusa skrini kushoto kwa kucha. "Na hii kumi na saba ni ya nini?"

Ile namba nilikuwa nikiiona kila siku. Ilianza ikiwa moja, ikakua polepole, nami nikaizoea kama unavyozoea ufa. Chini kabisa ya skrini palikuwa na mstari mwekundu wa maandishi madogo, nilidhani ni tangazo. Nikamsomea yule fundi wa Wandegeya. Akacheka, bambi, maskini wa watu, hakuwa na nia mbaya. "Mlango wa kutuma umekataa nenosiri lako la zamani, mzee. Hizo kumi na saba zote ziko humo humo ndani. Ingia kwenye mipangilio, upande wa kutuma, weka hilo jipya. Zitaondoka zenyewe."

Zilikuwa ndani. Zimekaa nyumbani kama mwenye nyumba. Nyingi zilikuwa maombi ya kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna mteja aliyewahi kulalamika: katika mji huu mtu kuomba kazi na asijibiwe, anashangaa nini? Niliwatazama wale watu, majina yao yamepangwa pale, na nikaona aibu imenipanda hadi masikioni.

"Weka hilo neno, bwana," jirani akasema. "Utaona haya baadaye. Mimi nina wateja wanalala madirisha wazi."

Nikaliweka. Nikabonyeza. Orodha ikatikisika, na ile iliyokuwa chini kabisa, ya kwanza kuandikwa, ikaanza kuondoka. Hapo ndipo niliposoma kichwa chake. Kuhusu Mama.

Nilirukia modemu nikaing'oa kama jino. Namba ikasimama kwenye kumi na sita.

"Sasa mbona umezima? Yangu haijaenda!"

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa nimeshika modemu mkononi, na maneno yalitoka vipandevipande: dada, likizo, njoo sasa, simu niliyoikata. Barua iliyosema Mama anakuita kila asubuhi ilikuwa njiani wakati huo, inakwenda kwa mtu aliyekosa hata kumwaga mchanga kaburini. Jirani alivua ile futi shingoni, akaikunja mapajani. Kisha akasema, "Pole sana." Kisha akasema, "Rudisha hiyo kitu, tumalize."

Tukamaliza. Zote zikatoka.

Nitasema na hili, kwa kuwa nimeshaanza kuungama. Usiku ule, katikati ya huzuni, kulikuwa na pembe ndogo ya moyo wangu iliyofurahi. Barua ilikuwa na tarehe niliyoiandika. Dada ataona sikusema uongo. Fikiria mtu wa namna gani hulala na furaha kama hiyo.

Jibu lilikuja kesho yake. "Nimeipata leo. Nimeangalia tarehe. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini, nikangoja neno lako wiki mbili, nikairudisha. Nilisema ukinyamaza nitaelewa, nikaelewa vibaya. Hilo la pazia, ni kweli? Aliniita?"

Nikaketi kumjibu. Nilitaka jibu lililo kamili, lisiloacha shaka. Nikaeleza juu ya nenosiri la zamani na jipya. Nikaeleza milango miwili, mlinzi wa kupokea na mlinzi wa kutuma, nikaweka hata mfano wa geti la kambi, ambao niliupenda. Nikaeleza mstari mwekundu. Nikaeleza fundi alisema nini na kwa utaratibu gani. Siku ya kwanza nilifika ukurasa mmoja, ya pili nikafuta aya mbili na kuongeza tatu. Siku ya tatu jirani alikuja kunionyesha kwamba vitambaa vimefika, akaona naandika, akauliza kama ni barua ya dada. Nikasema ndiyo. Nikamsomea yote, kurasa mbili na nusu, kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Nilipomaliza nikageuka kuona kama imemgusa.

Alikuwa ameinama juu ya kitambaa, anakunja upindo kwa kidole. Akaniomba nimsomee tena ile fupi, ya dada. Nikamsomea. Akainuka, akachukua simu yangu ya tochi mezani, akaiweka juu ya kibodi, na kusema:

"Mzee, huyo dada yako ameuliza kama mama yake alimwita. Hajauliza kompyuta inafanya kazi namna gani. Piga simu, na ukianza na nenosiri nitaikata mimi mwenyewe."