Maharage ya Esau

Juzi nilisoma kitabu cha mtaalamu anayesema kwamba hadithi za Biblia zilisimuliwa kwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Papo hapo nikasikia harufu ya maganda ya ndizi.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu kipya cha ujamaa kule Ngara, bibi alimenya ndizi huku akisimulia jinsi Esau alivyouza uzaliwa wake wa kwanza kwa sahani ya maharage. Mimi ndiye pekee niliyejua kusoma nyumbani, nikafungua Biblia.

“Bibi, umekosea. Hapa wameandika dengu.”

Kisu hakikusimama. “Na huyo aliyeandika, alisimuliwa na nani?”

Nilidhani anakwepa. Kumbe mtaalamu ameandika kitabu kizima kufika pale alipokuwa ameketi bibi.