Mwongo wa Kaburini

Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ikichanganyika na tope la mto Mkondoa, hunirudisha kwenye baraza la zahanati ya Kidete. Mama yangu alikuwa akifua mashuka pale, nami nikitoka shule nilikaa na Sista Pilar, mtawa wa Kihispania, tukibadilishana lugha. Kiangazi kile alitaka maneno ya uongo, maana wagonjwa walimwapia kwamba wamemeza vidonge ilhali wamewapa majirani. Nilimpa kwa moyo mmoja. Mzushi anatunga habari isiyokuwepo, mnafiki anakuchekea usoni na kukusengenya ukigeuka, na mpiga chuku anavua samaki wa kiganja ambaye, habari ikifika Kimamba, amekuwa wa kubebwa na watu wawili. Yeye akanipa mentiroso, ambaye ni mwongo wa kawaida, na embustero, ambaye ni mwongo mwenye madoido. Nilijiona mkalimani kamili, na kusema kweli sikuwa mbali.

Kisha babu, baba yake mama, akafariki. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Chilongani, mlinzi wa zahanati, ni watani, na kwetu mtani ana kazi yake msibani. Jeneza lilipofika kaburini, Mzee Chilongani alikwishavaa koti la babu na kuingia shimoni, akichechemea kama babu mwenyewe. "Toka humo sandukuni, mwongo mkubwa wewe!" alifoka. "Kila siku ya kulima ulitudanganya unaumwa mgongo, leo tena unatudanganya umekufa!" Watu walicheka huku machozi yakiwatiririka, mama akiwa wa kwanza, na mpaka alipopewa jogoo, ada ya mtani, ndipo alipotoka shimoni tukazika. Ila Sista Pilar alikuwepo, na neno mwongo nilimfundisha mimi.

Kesho yake alimnyang'anya Mzee Chilongani funguo za geti. Alisema mtu anayemtukana maiti hawezi kuachiwa wagonjwa. Mama alirudi nyumbani akalia kuliko alivyolia msibani, kwa sababu mzee yule alikuwa amemheshimu baba yake kuliko sisi wote, na sasa alikuwa anapoteza kazi kwa heshima hiyohiyo. Nilikasirika. Asubuhi iliyofuata nikaenda barazani bila kutumwa na mtu.

"Shikamoo, Sista. Kwenu, nani anaweza kukuita mwongo mbele za watu, nawe ukacheka?"

"Marahaba. Kaka yangu. Ananiita embustera, yaani embustero wa kike, hata kwenye simu."

"Na asiyekupenda akikuita hivyo?"

"Hapana. Huyo hawezi."

"Basi Mzee Chilongani ni huyo kaka. Tungemtafuta wapi mwingine wa kumwita babu mwongo?"

Sista alivua aproni, akatembea mpaka kwa mzee na kumrudishia funguo mikononi. Mzee akazipokea, akamtazama juu mpaka chini. "Jana umenifukuza, leo unanirudisha. Kumbe na wewe ni mwongo tu, Sista!" Sista alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku hizi nawatembeza wageni katika hifadhi ya Mikumi, na wanaozungumza Kihispania huletwa kwangu. Wana simu zinazotafsiri kila kitu, na ukizipa embustero zinakupa neno moja la Kiingereza, kavu, bila kuuliza nani anamwambia nani. Mimi huuliza kwanza, na sijawahi kushindwa na simu.

Masika iliyopita Mzee Chilongani alifariki. Nilikwenda Kidete moja kwa moja kutoka kazini. Msiba ulikuwa na vipaza sauti, viti vya kukodi na vijana waliorekodi kwa simu, na kila aliyeshika kipaza sauti alimsifu marehemu. Nikasubiri mtani asimame. Watani tulikuwa sisi, na wote tulikuwa tumeinama kwa adabu. Iliniuma mno, mzee yule kuzikwa kama mgeni. Nikaomba koti lake la ulinzi, nikalivaa juu ya sare yangu, nikashuka kaburini.

"Amka, embustero!" nilipiga kelele. "Miaka yote ulitudanganya unalinda, kumbe ulikuwa unalala! Leo umefumaniwa!"

Mjane wake, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua uso, akaangua kicheko. "Mwambie," alisema, akijifuta machozi. "Mwambie huyo mwongo!"