Nyonga za Sponji

Aibu yangu nitaisema mwenyewe, maana Mji wa Kale wote umeshaisema kwa niaba yangu, na kila anayeisimulia huongeza kipande chake: mimi ndiye yule msichana aliyefuka moshi nyongani kwenye harusi ya watu.

Mambo yalianza na Nassir, fundi wa mafriji kule Tudor, mchumba wangu wa moyoni (mbele za watu alikuwa bado jirani tu). Aliniambia mamake, Bi Saida, atahudhuria kupambwa kwa binamu yangu Lulu, ile siku ambayo bi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao, mabuibui yanavuliwa mlangoni, na kina mama wenye vijana wa kuozwa wanakaa mikekani wakiwapima wasichana kwa macho.

"Akikupenda, posa italetwa," akasema Nassir. "Asipokupenda, mimi simuwezi mamangu."

Sasa mimi nimenyooka kama mwiko. Nikaenda kwa Bi Khadija, anayeshona nguo Tononoka, nikamwomba anipe umbo. Akanizungusha, akanipima, akasema, "Kiuno nitakipandisha kidogo, marinda yaanzie hapa juu ya nyonga, mkanda uwe mwembamba, na shingo nitaikata pana, mabega yaonekane. Basi. Ukizidisha, gauni litakuvaa wewe."

Gauni likatoka zuri, rangi ya samli, nalo likanipa kiuno ambacho hata mimi sikujua ninacho.

Ningeishia hapo. Lakini nilisimama mbele ya kioo nikaanza kuota, nikajiona nishaolewa, napokea wageni, wananisifu, ndipo nikajiambia kwamba ikiwa marinda yamefanya kazi hii peke yake, je, yakipata msaada? Nikachukua mkasi, nikakata vipande viwili vya sponji kwenye godoro kuukuu, nikavishonea ndani ya kaptula ya kubana, kimoja kila upande.

Alasiri ya kupambwa niliingia nyonga zikitangulia. Bi Saida akanitazama, akamtazama jirani yake, akaupigapiga mkeka kwa kiganja. "Mwanangu, njoo ukae hapa." Nikakaa (nilikaa juu kuliko wenzangu, lakini hakuna aliyeuliza).

Kisha kikaja chetezo cha udi, kila mwanamke akisimama juu yake kidogo ili nguo ishike harufu. Bi Saida akakipokea yeye mwenyewe. "Simama nikufukize."

Wasichana wakakonyezana, maana mama wa watu hakufukizi bure. Nikasimama, nikatandaza marinda juu ya makaa kama hema.

Kwanza nilihisi joto, nikadhani ni furaha. Halafu furaha ikaanza kuning'ata upande wa kushoto. Nilitaka kuruka, lakini Bi Saida alikuwa katikati ya kunieleza jinsi Nassir anavyopenda biriani yake, nami nikaona si adabu kumkatiza.

"Nani katia nywele kwenye udi?" akauliza mmoja.

"Hizi si nywele, ni waya wa stima," akajibu mwingine.

"Ni huyo msichana," akasema bibi mmoja aliyekaa karibu na ukuta, taratibu kabisa. "Anafuka."

Bi Saida akanyakua jagi la maji ya ukwaju, akanimwagia lote. Moto ukazima. Sponji nayo ikanywa, ikawa nzito, nyuzi zikakatika, na nyonga yangu ya kushoto ikateremka polepole, ikapita goti, ikaanguka mkekani mbele ya watu, ya manjano, imeungua pembeni.

"Kazaa mkate wa sinia," akasema yule bibi.

Lulu ndio kwanza alikuwa anaingizwa, dhahabu mpaka kwenye paji la uso, na hakuna aliyegeuka kumtazama (mpaka leo ananisalimu kwa kidole kimoja).

Bi Saida akaiokota sponji, akaiminya, ukwaju ukachuruzika. "Na ya pili?"

Nikaitoa, nikampa. Machozi yalikuwa yananidondoka, si ya moto, ya Nassir.

"Umeungua?"

"Kidogo, mama."

"Ukahisi moto, ukanyamaza?"

"Ulikuwa ukizungumza."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akanikumbatia nilivyolowa. "Mjinga wewe," akaninong'oneza, "lakini ujinga wako una adabu."

Posa ililetwa. Bi Saida alimwambia mamangu sharti lake ni moja tu, nifunzwe kupiga kelele ninapoungua, kwa sababu jikoni kwake mna moto mwingi.

Nami nimeapa. Shingo nitaikata nipendavyo, mkanda nitaufunga, marinda nitayaongeza hata yajae mlango, lakini ndani ya gauni nitaingia mimi peke yangu.